Barua za Kichwa Nguvu

Mama Mukashyaka alikimbia volkano na ordinatere ku kichwa. Godoro aliacha, sufuria aliacha. Alibeba ile kompyuta ya biro ya koperative yetu ya Katindo mpaka karibu na Sake, na kule akajikwaa, akaanguka nayo.

Aliporudi Goma akaniita, ju kazi yangu ni kutengeneza mashini.

"Iko inafanya tak-tak-tak," akasema.

"Diski inakufa, mama. Tutaweka mupya."

"Mupya tutapata. Na barua za batu?"

Mama ni sekretere. Iko na adresi moja ya email, na ile adresi ni ya kartie muzima, mutaa yote. Mutu akikimbia vita, akifika Kampala ao wapi, anaandika kwa Mama. Yeye anatia barua mu dosie, folda ya mwenye anaandikiwa, na hafungue hata moja. Barua ya mutu ni ya mutu. Unakuya, unakaa ku kiti, unafungua na mukono yako. Shida ni moja: barua zikiisha kuingia mu mashini yake, ku internet zinafutika. Ile diski ikikufa kabisa, zote zimeenda.

"Na zako ziko mule," akasema.

"Zangu sizitake."

Ni barua za Honoré, kaka yangu mukubwa. Mu deux mille douze (2012), waasi walipoingia mu muji, Honoré aliondoka na chukudu yetu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akasema atarudi kesho. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Niliacha masomo, nikabeba makala ya kupikia ya batu ku mugongo, ju chukudu haiko tena. Miaka tisa Mama ananiita nikuye kusoma. Miaka tisa ninajibu niko na kazi. Lakini sitadanganya: niliposikia ile tak-tak, nilikimbia kutafuta diski mupya ile saa.

Nilitia diski mupya. Nikatia Windows, kisha programu za biro: ya kuandika, ya hesabu, ya barua. Ile ya barua ikafunguka tupu, nyeupe, kama haiyajua mutu hata mumoja.

"Kaa chini," Mama akasema. "Unazunguka kama mbuzi ku kamba."

"Mashini ndiyo inachelewa, si mimi."

"Mashini inachelewa ju unaiangalia vibaya."

Nikaunga diski ya zamani ku mashini na kamba, inje, nikaanza kuhamisha fishie, ile faili ya barua. Yote iko mu fishie moja tu, miaka yote. Ikaenda vizuri mpaka quatre-vingt-onze pour cent, 91 ku mia. Halafu chini ikatetemeka, unajua vile udongo ulitusumbua ile mwezi, meza ikaruka, na diski ikaanza tena: tak, tak.

Mama akaichukua. Akakunja kitenge ku mapaja, akailaza pale juu, akaishika na mikono mbili.

"Mama, usiiguse!"

"Nyamaza. Meza yako inatetemeka. Mimi sitetemeke."

Alikaa vile bila kupumua. Na mimi pia nikakaa, mara ya kwanza. Hesabu ikapanda: quatre-vingt-douze. Quatre-vingt-quinze. Ikamalizika, na diski ikanyamaza moja kwa moja, haikuamka tena.

Nikaonyesha programu fishie iko wapi. Dosie zikatokea moja moja, na majina Mama anaita nayo batu: Mama wa Mapasa, Muzee wa Munigi, Sylvie Mulefu. Na chini kabisa: Kichwa Nguvu.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Unamujua. Amekaa ku kiti yako."

Barua saba, zote nyeusi nyeusi, hakuna mwenye alifungua. Lakini kichwa ya barua inaonekana hata kama hujafungua. Ya kwanza: *Ulikula?* Ya pili: *Ulikula?* Zote saba. Ya mwisho aliandika siku mbili baada ya volkano kupasuka, Mama akiwa hajakimbia bado.

"Miaka tisa ulijua iko anauliza nini," nikamwambia, "na hukuniambia?"

"Barua si yangu."

Nikataka kusimama. Mama akashika shati yangu.

"Hukumaliza kazi. Ukitengeneza barua za batu, unafanyaka nini ya mwisho?"

"Ni kweli, mama. Ya mwisho ni kutuma esé, barua ya kujaribu, kuona kama zinaenda na zinarudi. Mimi ninajitumiaka mwenyewe: *esé, esé*," nikajibu.

"Basi tuma. Lakini si kwako."

Nikafungua ile ya mwisho. Sitasema mulikuwa nini ndani. Nikajibu: *Nilikula. Chukudu iko wapi, mwizi?* Nikaangalia, nikaongeza: *Na wewe, ulikula?* Nikatuma.

"Imeenda," nikasema, nikaanza kukunja kamba zangu.

"Kwenda si kitu," Mama akasema. Alikuwa ananitilia bugali na mboga ya sombe ku sahani. "Ulisema inapashwa kurudi. Kaa."

Nikakaa.