Gugu la Sebuleni

Mimi ni msusi, na msusi huongea, kwa hiyo mtanivumilia. Kabla sijazaa nilikuwa na tangi la maji ya chumvi, matumbawe yanapepea kwenye taa ya buluu, mpaka wapita njia walikuwa wanachungulia dirishani. Nikazaa, nikaliuza. Sasa wanangu wameota ndevu na kwenda zao, nikasema basi, zamu yangu imefika. Nikanunua tangi jipya, pampu, taa na mawe ya baharini, nikapanga sebuleni. Roho yangu yote ilikuwa kwenye matumbawe.

Lakini tangi la bahari huliwashi leo ukaweka kitu kesho. Maji lazima yakomae kwanza, na maji hayaharakishwi. Unakaa unaangalia mawe tu. Mume wangu kila akirudi kazini: "Mawe hayajambo?" Akija na mwenzake: "Karibu, mke wangu anafuga mawe." Nilimwambia ipo siku atayala kwa mchuzi.

Aliyekuwa hasemi kitu ni mama mkwe. Tulimleta kwetu miguu ilipoanza kumsumbua, na tangu afike alijifungia chumbani. Ukimuuliza chakula, "nimeshiba." Ukimuuliza hali, "sawa." Mume wangu alijaribu redio, mimi nikajaribu kumsuka. Wapi!

Asubuhi moja nikasikia anaita: "Mke wa mwanangu! Njoo uone, jiwe limeota kitu!"

Nilikimbia na kitana mkononi. Amevuta kiti, pua karibu iguse kioo. Kwenye jiwe kuna kijimnyama cha kahawia, shina fupi lenye nywele nyembamba zinazopepea. Nilimjua yule. Huyo kwetu wafugaji ni gugu. Huja amejificha kwenye mawe, ukizubaa anajaza tangi zima, na tumbawe lolote likimkaribia analichoma mpaka life.

"Mzuri, eh?" mama mkwe akasema.

"Mzuri sana, mama," nikajibu, huku nawaza limau la kumuulia liko wapi.

Tangu siku hiyo akawa anatoka chumbani kila asubuhi, amechana nywele, amevaa vizuri. Akampa jina, Bi Nywele. Anamkatia vipande vya samaki, anamdondoshea kwa kijiti, na Bi Nywele akimeza, mama mkwe anacheka mpaka anafuta machozi. Nyumba ikapata sauti. Mimi nikachukia na kufurahi kwa wakati mmoja, na hiyo inachosha, jamani.

Nikamvizia mama mkwe akiwa anaoga. Sindano ya maji ya limau, nikamchoma yule gugu. Akanywea. Hapo ningemwacha, lakini mikono yangu ilikuwa imekaa miaka bila kazi hiyo na ikaingiwa na papara: nikachukua kibano, nikamng'oa. Hilo hata anayeanza leo anaonywa. Ukimrarua, kila kipande kinachobaki kinaota na kuwa gugu kamili.

"Kazaa!" mama mkwe alipiga kelele wiki chache baadaye, tangi limejaa vinywele kila pembe. Alipigia simu ukoo mzima. Wifi yangu akanipigia kunipa hongera, na mimi nikasema asante. Ningesema nini?

Nikaenda dukani kununua uduvi mwekundu, yule anayekula magugu hayo. Nilimleta nyumbani kwenye mfuko wa maji, nimemficha nyuma yangu.

"Umeleta nini?"

Kumdanganya nikashindwa. "Ni uduvi wa kuwala kina Bi Nywele, mama. Hawa ni magugu. Wakibaki, sitaweza kuweka matumbawe."

Akageukia kioo. "Kwa hiyo hukuwanunua."

"Hapana, mama."

"Wala hukuwaita. Wamekuja tu, wakakaa sebuleni kwa mtu mwenye mipango yake." Alikuwa anaongea na kioo, bila kinyongo. "Mweke huyo anayewala, mwanangu. Mimi nawaelewa hawa. Hata mimi nililetwa hivyo hivyo, na mabegi yangu."

Mama wee! Nikakaa sakafuni na uduvi wangu mapajani, nikalia kama mtoto.

"Mama, wewe nilikuita! Mwanao alitaka kukutafutia mtu wa kukuangalia huko huko. Mimi ndiye niliyesema hapana, akuchukue, uje ukae na mimi."

Akageuka. "Hukuniambia."

"Nilidhani unajua."

"Ningejuaje, na hukuniambia?"

Basi nikamwambia, upya, neno kwa neno, naye akaanza kulia. Mume wangu akaingia, akatukuta hivyo mbele ya tangi, akavua kofia na kuuliza kwa sauti ya msibani: "Nani kafa?"

"Hafi mtu humu ndani," mama mkwe akasema, akanituma beseni la kumweka uduvi, mbali na kina Bi Nywele.