Maumivu ya Mama Mkwe

Mimi nafundisha Kiingereza sekondari, kwa hiyo mke wangu Levina aliponiomba nimpeleke mama yake kwa daktari mgeni asiyejua Kiswahili, niliona ni kazi ya kitoto. Levina mwenyewe ana kichanga, hajaanza kutoka nje. Mama alikuja kutoka Sikonge kumwogesha mjukuu, na Levina amemsikia akiguna kila akiinua ndoo.

"Daktari anaondoka kesho," Levina alisema. "Kasimiri, usirudi bila jibu."

Zahanatini tukaambiwa kwamba muuguzi Elieth, mkalimani pekee, ameondoka na gari la wagonjwa akimsindikiza mjamzito aliyezidiwa. Nikavimba kichwa. Nikasema nipo mimi, mwalimu mzima.

Lakini kwetu Wanyamwezi mkwe ni mtu wa kuogopwa. Mama akiniona njiani hapa Ntalikwa hupinda pembeni mpaka nipite. Hatuli pamoja, hatutazamani usoni. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Basi, yameisha. Hata mle chumbani mwa daktari alikaa akanipa mgongo, kanga imefunika mabega, mkono wa kushoto ameubana ubavuni.

Daktari, mwanamke mwenye nywele fupi na sauti ya upole, akauliza anaumwa wapi.

"Mguu, baba," mama akauambia ukuta.

Ni maumivu gani, daktari akataka kujua. Hapo ndipo nilipotaka kujionyesha. Sisi nyumbani mtu akisema inauma, unamtazama uso unajua. Waingereza wana neno kwa kila namna. *Aching* ni yale ya kuuma taratibu bila kuacha, *throbbing* yanadunda, *stabbing* yanachoma mithili ya kisu. Niliyafundisha juzi tu darasani. Nikamuuliza mama, akafikiri kidogo, akasema yanadunda. *Throbbing*, nikatangaza.

Daktari akaubonyeza mguu. Mama hakushtuka hata kidogo.

"Sasa yamehamia begani," mama akasema. "Yanachoma."

*Stabbing*, nikasema, bega. Bega likabonyezwa. Wala hakuguna. Baadaye kidogo yakawa kwenye kiwiko, tena ya kuwasha tu. Daktari akanitazama mimi, si mgonjwa. Sikuelewa kitu. Ni Kiingereza changu kibovu, au huyu mama ananichezea? Nilikasirika kabisa. Nimeacha vipindi, na yeye ananitembeza mwili mzima kama mtu anayetafuta ng'ombe aliyepotea!

Ndipo daktari akasema, taratibu, nimwombe mama avue kanga na blauzi ampime.

Nimwambie mkwe wangu avue? Nikaangalia ule mkono uliobana ubavu, ambao haukuwa umesogea tangu tuingie, nikaelewa. Huyu mama alikuwa akinipa kila maumivu yanayoweza kutajwa mbele ya mkwe. Mguu unatajika. Bega linatajika.

Nikasimama, nikaugeukia mlango.

"Mama, natoka. Daktari naye ni mwanamke mwenzako, mwonyeshe kwa mkono. Ikiwa yanauma taratibu bila kuacha, mwambie *aching*."

"Eking," akasema nyuma yangu.

"Hivyohivyo."

"Na kuogopa, baba, wanasemaje?"

Nikamwambia. *Afraid*. Akarudia mara mbili kwa sauti ndogo, nikatoka nikafunga mlango.

Pale nje nilisimama kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Nikasikia, "Eking. Eking hapa." Kisha, "Afuredi." Sijui daktari alimjibu nini, lakini nilisikia kiti kikivutwa karibu.

Daktari alipofungua mlango, mama alikuwa ameshajifunika. Daktari aliniambia ni uvimbe kwenye titi, mkubwa, na kwamba mama lazima aende hospitali kubwa Mwanza wiki hii, asingoje. Akataka kujua mama ameanza kuuona lini.

Sikuvuka kizingiti. Nikauinamia mwimo wa mlango nikauliza, "Mama, anauliza ni tangu lini."

Nikahisi amegeuka. Nilipoinua macho kidogo nikakuta ananitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Tangu kabla hujaja kuposa," akasema. "Ningesema, Levina asingeolewa. Angebaki Sikonge kuniuguza, na wewe ungechoka kungoja."

Nilimtazama na mimi. Sikujua niangalie wapi kwingine.

"What does she say?" daktari akauliza, mama anasemaje.

Namna nzima ya kulisema jambo lile ilinipotea, nikabaki na maneno mawili ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Before me," nikamwambia. Kabla yangu.

Akakunja uso. Hakuelewa, akaniuliza tena.

"Before me, daktari. Before me."