Pua ya Eladio

Katika mji wote wa Haro hakuna aliyethubutu kunywa divai mpya kabla Eladio hajanusa. Pipa la mwaloni likifunguliwa baada ya kulala miaka yake, mwenye ghala huonja kwanza, husema neno, ndipo wengine wamiminiwe. Wasichokijua ni kwamba pua ile ilikufa zamani; homa iliondoka nayo. Aliyejua ni mkewe tu, Encarna. Yeye humimina, hunusa kidogo, kisha humgusa mumewe kiwiko: mara moja, nzuri; mara mbili, mbaya. Sifa akazivuna Eladio, bila haya hata chembe. Si mume na mke ni kitu kimoja?

Adhuhuri ile majirani walijaa ghalani, mbavu za mwanakondoo zikichomwa kwa vijiti vya mizabibu. Kabla ya kufungua pipa, Eladio akatangaza kuwa ufunguo wa ghala anampa Borja, mtoto wa kiume wa kaka yake, awe mrithi wake. Nieves, binti wa Eladio na Encarna, aliyeyalea mapipa yale tangu utotoni, akainamisha kichwa. Watu wakapiga makofi ya adabu tu.

Encarna akamimina, akanusa, akamgusa mumewe kiwiko. Mara moja.

Eladio akanywa. Ulimi ulimpa uchachu na ukavu wa mbao. Yaliyobaki akayatunga, kama kawaida yake.

"Jamani, huyu ni mfalme! Vanila, tumbaku, ngozi ya tandiko! Tangu nizaliwe sijaonja kama hii!"

Glasi zikazunguka. Fulgencio, fundi mapipa, akatema chini.

"Eladio, unatutania? Hii inanuka gunia lililovunda!"

"Mfalme kafa jana," akasema mwingine, "na hajazikwa!"

Ghala zima likaangua kicheko. Eladio alihisi damu ikimpanda usoni. Kikulacho ki nguoni mwako, naye aliyemla alikuwa amesimama ubavuni pake, mtungi mkononi.

"Encarna," akanong'ona, "umenigusa mara moja."

"Nimekugusa mara moja."

"Na ulijua limeharibika?"

"Kabla sijamaliza kumimina."

"Mbele ya watu wote hawa, mke wangu? Nimekukosea nini?"

Encarna alimtazama Nieves, aliyekuwa anakusanya glasi zilizoachwa zimejaa. Kisha akaweka mtungi chini, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Lipo pipa la pili, mume wangu. Mwite Borja akunusie."