Mstari wa Kufumba Mdomo

Mama Pini alianza kukosa raha siku alipoletewa kitambaa cha kaki. Jina hilo alipewa na majirani, kwa sababu fundi huyu wa nguo hakosi pini mdomoni. Hata salamu anaitikia kwa pembe ya mdomo. Kitambaa alikileta binti yake mwenyewe. Kikundi chao cha muziki kilikuwa kinaandaa onyesho la nyimbo za wale wazee waliowainukia wakoloni, na walitaka sare za askari wa serikali ile. Mama akakata, akashona, lakini kila alipotundika sare moja ukutani alihisi kama kuna mtu kaingia chumbani bila kubisha hodi. Akawa anazigeuza zitazame ukuta.

“Sare haina macho, mama,” binti akamtania.

“Hiyo yako haina. Aliyonisimulia mama yangu ilikuwa nayo.”

Ila sare ilikuwa kisingizio tu. Kilichomnyima raha kilikuwa wimbo.

Wimbo wenyewe mtaa mzima unaujua. Waliutunga akina mama wa wakati ule wakiwa kwenye mafulio. Askari wakikaribia, wanawake walibadilisha mapigo ya kufua, na vijana waliojificha kwenye ghala la nafaka wakajua wabane pumzi. Ikawa hivyo mpaka asubuhi ile askari walipokuja bila kupita kwenye mafulio, wakaingia moja kwa moja kwa mlango wa nyuma. Hakutoka mtu akiwa hai. Ndipo ukaongezwa ubeti wa mwisho:

*Mlango wa nyuma mgeni haujui,*
*nani kawashika mkono kawaonyesha?*

Baada ya swali hilo liliimbwa jina la msaliti mwenyewe. Lakini uhuru ulipokuja, mwenye jina alikuwa ameshakufa, na mjane wake alibaki palepale mtaani na watoto wadogo wasiojua hili wala lile. Akina mama wakakaa, wakakubaliana: hapo penye jina tutafumba midomo tuvume, urefu uleule, mapigo yaleyale. Tangu hapo kila mtoto wa mtaa akipata akili, mama yake humnong’oneza kilichofukiwa pale. Kila mtoto, isipokuwa wa nyumba ile.

Nyumba ile sasa ni ya Tanuri, mwoka mikate, mjukuu wa yule mtu. Ni pande la baba, mcheshi, mwenye sauti nzito inayotokea tumboni. Kwenye misiba na kwenye harusi, wimbo ukifika penye kuvuma, yeye ndiye anayeubeba. Hufumba na macho kabisa. Majirani huinamisha vichwa, wakavuma nyuma yake. Mwenyewe alidhani wanawaombolezea vijana wa ghalani, na hakuna aliyemkatalia. Wengine walisema chini kwa chini kwamba anajua fika, anajifanya tu. Mama Pini alikuwa mmoja wa hao.

Sasa jioni moja alimsikia binti yake akifanya mazoezi huku anasuuza vyombo. Msichana huyu mtaa ulimpachika jina la Filimbi, na haukukosea. Akafika kwenye ubeti wa mwisho. Hakuvuma. Aliimba jina lote, la mtu na la baba yake, kwa sauti tamu kama anabembeleza mtoto.

Pini zikamdondoka mama mdomoni.

Alimuuliza kama ana wazimu. Filimbi akaeleza taratibu kwamba mwalimu wao wa muziki anataka historia iwe hai, watu waione na waisikie. Wageni watakuja kutoka mbali. Wataulizana mbona hawa wakifika hapa wanaguna kama wana jino bovu.

“Mwambie mwalimu wako ahamie mtaa huu kwanza,” mama akasema. “Anunue mkate hapa, azikane na sisi. Halafu ndiyo aimbe.”

Kisha akashusha sauti. Akamwambia Tanuri ana watoto, wanakaa dawati moja na watoto wa watu. Kesho yake wataitwa nani? Babu wa baba yao aliwapeleka wenzake kuchinjwa, sawa, lakini wao wamemfanyia nini mtu? Aliongea mpaka mate yakamkauka. Filimbi hakujibu. Alipangusa sahani, akaipanga, akaenda zake kulala.

Mama akajua amekataliwa. Huyu tangu utotoni akinyamaza basi amekataa. Hapo ndipo sisi wazazi tunapojikwaa: mtoto anakua, sisi bado tunamsoma kwa alivyokuwa akinyonya kidole.

Kuanzia hapo hakuwa na amani. Aliweka vifungo upande usiofaa, akafumua, akaviweka tena palepale. Akipita mbele ya duka la mikate alitembea haraka kama mwizi. Aliwaza watu wamejaa ukumbini, jina linaimbwa, na Tanuri ameketi katikati yao na shati lake la kutokea. Mara akaona mawe kwenye madirisha ya duka. Mara akaona binti yake anakabwa koo. Kumuuliza Filimbi tena aliogopa, kwa kuwa aliogopa jibu. Siku moja kabla ya onyesho akapiga moyo konde, akaenda kwa Tanuri.

Alimkuta amezama kwenye unga mpaka viwiko. Alichokusudia kilikuwa kidogo tu, kumwomba asije.

“Nisije?” Tanuri akacheka. “Dada, nisipokuja mtavuma na nani? Na zile sauti zenu za mbu?”

Mama Pini akazungukazunguka. Akasema kuna joto ukumbini. Akasema viti vibovu. Mwisho akasema kuna jina litatajwa.

“Jina la nani?”

“Aa, kaka. Si unajua mwenyewe.”

“Najua nini?”

Akamtazama usoni. Mtu huyu alikuwa hajui. Alikuwa hajui hata chembe. Mama Pini akajaribu kurudi nyuma, akasema basi, yaishe, ni maneno ya watoto. Lakini Tanuri alikuwa ameshaacha kukanda, na alimuuliza tena kwa upole, na tena, mpaka mama akamwambia yote.

Mikono ya Tanuri ilibaki ndani ya donge la unga.

“Mke wangu kazaliwa mtaa huu,” akasema.

Mama Pini akatazama sakafu.

“Kwa hiyo miaka yote mlikuwa mnanisikiliza. Mimi navuma, nyinyi mnanisikiliza.”

Hakupandisha sauti. Alinawa, akafunga mkate kwenye karatasi, akampa jirani yake kama anavyompa kila siku, akarudi kwenye donge lake.

Nyumbani Filimbi alikuwa anajaribu gauni la onyesho mbele ya kioo. Alipomwona mama yake amesawijika, akamshika mabega. Akamwambia aache kujitesa: walishakubaliana na wenzake tangu juzi, watavuma kama zamani. Mama alipomwambia juu ya watoto wa Tanuri, yeye Filimbi hakupata usingizi.

“Nilikuwa naona aibu tu kukuambia umenishinda,” akasema, akacheka.

Mama akaweka mkate mezani.

Siku ya onyesho ukumbi ulifurika. Wasichana walipiga nguo mbichi juu ya mbao, na yale mapigo ya mafulio yakawaingia watu mwilini. Zile sare za kaki zilipopanda jukwaani, hata waliokuwa wanatafuna karanga waliacha. Mama Pini, nyuma ya pazia, hakuziangalia. Macho yake yalikuwa kwa Tanuri. Alikuja, na mkewe pembeni.

Ukaja ubeti wa mwisho. Filimbi akauliza nani kawaonyesha mlango, akafumba mdomo. Ukumbi ukavuma.

Ulikuwa mvumo mwembamba, hauna ile sauti nzito ya chini. Kichwa kimoja kikageuka, kingine kikafuata. Tanuri alikuwa ameketi wima, macho wazi, anaitazama midomo ya mke wake. Mke alikuwa anavuma, kwa sababu kutovuma kungekuwa kusema. Machozi yalimtiririka huku anavuma. Waliowaona wakaacha, na walio nyuma yao wakaacha, hata mvumo ukakatika kabla urefu wa jina haujatimia.

Tanuri akainuka, akatoka peke yake. Watu wakampisha njia pana kuliko alivyohitaji.

Filimbi alikuja nyuma ya pazia jasho likimtoka. Aliuliza Tanuri ana nini, anaumwa? Kisha akaona uso wa mama yake.

“Nani kamwambia?”

“Niliogopa, mwanangu.”

Filimbi akageuka avue gauni. Vishikizo vilikuwa mgongoni, vile vidogo ambavyo mtu hawezi kuvifikia mwenyewe, na mama akasogea mbele amsaidie kama kawaida yake. Binti akasogea pembeni. Akapinda mikono nyuma, akavuta, kishikizo kimoja kikakatika kikaanguka sakafuni. Akatafuta cha pili, huku mama amesimama na mikono imenyooshwa.