Kizazi cha Arobaini

Nyuso nane za wanawake zilinikodolea macho kwenye simu, nami nilitakiwa nichague unaofanana na mama yangu. Wa tatu ulikuwa na jicho moja lililolala, kope limefunika nusu ya mboni. Niliutazama mpaka chai ikapoa, kisha nikaupigia kura uso wa tano.

Mama alikuwa na jicho hilo tangu utotoni. Kwa sababu yake hakupenda kupigwa picha. Mpiga picha akija kanisani, mama hukumbuka ghafla kwamba kuna sufuria za kuosha. Alipofariki, picha pekee ilikuwa ya kitambulisho, nacho tulikirudisha serikalini siku ya kuandikisha kifo. Mimi na kaka yangu Munga hatukukumbuka kutoa kopi. Mwaka mmoja baadaye baba yetu, mzee Gershom, alikuwa kitandani kwake Bofu, kiharusi kimemwachia maneno machache.

"Mbeyu, sura ya mamako yanitoka," aliniambia. "Nitafutie."

Oduor, jirani yangu hapa Magongo anayefundisha kompyuta, akajitolea. Programu yake ilibuni nyuso nane, watu wakazipigia kura, na mbili zilizoongoza zikazalishwa kama mbuzi: watoto wanane, huyu karithi pua, yule mdomo, kila mmoja na kijitofauti chake. Kila jioni kizazi kipya. Wapiga kura wakiwa wengi, alisema, kosa la mmoja husahihishwa na wenziwe. Niliona ni akili. Nikawatia ndugu wote kwenye kundi la simu, kisha kwaya ya mama, kisha akina mama wa kanisa ambao wengine hawakuwahi kumwona. Baba tu sikumtia. Mikono ilimtetemeka, halafu nilitaka iwe furaha ya ghafla, mpumbavu mimi.

Kura zilionekana kwa majina. Shangazi Gladys, dada yake baba, alituandikia mapema kwamba marehemu hatangaziwi kilema chake mbele za watu, na nani angembishia shangazi? Basi sote tukaliruka lile jicho. Niliona haya jina langu lisimame peke yake. Nikajiambia litarudi kesho.

Halikurudi. Kwenye kizazi cha thelathini nilimpigia Oduor, nikamwomba alirudishe.

"Dada, kisichopigiwa kura hakizai," alisema kwa upole. "Naweza kulichora mwenyewe, ila mama sikumjua. Niambie lilikaaje."

Nikafungua mdomo nieleze. Nilichokiona kichwani ni macho mawili mazima, yanayong'aa. Nikamwambia basi, tuendelee.

Uso ulioongoza kizazi cha arobaini tuliuchapisha, tukautia fremu. Kwaya ililia, ikasema ndiye kabisa. Munga akampelekea baba kitandani, mimi nikasimama nyuma yake. Baba aliitazama picha muda mrefu, kwa adabu.

"Hujambo, mama," aliiambia. Kisha akanigeukia. "Mpe mgeni kiti."

Hakuniulizia sura tena. Alikufa miezi miwili baadaye, na sikuwa nimempa alichoniomba, kitu kimoja tu.

Baada ya mazishi tuliketi sebuleni, mimi na Munga. Nilimwambia kwamba angalau sisi wawili tunalijua lile jicho, hilo hakuna kura ya kutunyang'anya. Akakubali. Jicho la kulia la mama, akasema, hawezi kulisahau. Nikamwambia lilikuwa la kushoto. Alikuwa na hakika, nami nilikuwa na hakika, na kadiri tulivyobishana ndivyo hakika yangu ilivyoniponyoka.

Shangazi Gladys akapita na sinia ya vikombe, tukamuuliza. Aligeuka, akaitazama kwanza picha ukutani, ndipo akatujibu kwamba wifi yake hakuwa na jicho bovu hata moja.