Sumaku Kwenye Kofia

Kwa wiki mbili fundi cherehani alitembea kama mtu anayevuka maji. Nyayo zilikwaruza sakafu, macho yakawa mbali, na mara nyingine alishika kitambaa hadi kikapata joto mkononi bila kukumbuka alitaka kushona nini. Mkewe alimtazama kutoka mlangoni. Hali ile aliijua. Ndiyo iliyomlaza mumewe hospitalini mwaka jana, kabla madaktari hawajampitishia chini ya ngozi mrija mwembamba wa kupunguza maji kichwani, wenye vali ndogo kama kifungo nyuma ya sikio la kulia.

Watampasua tena, aliwaza. Na kwa umri ule, alihofia safari hii hatarudi.

Kliniki, muuguzi alimketisha fundi karibu na dirisha. "Vua kofia, babu. Leo hatukati kitu. Nasoma tu vali yako imekaa namba ngapi."

"Soma kwa sauti, na mimi nisikie," fundi alisema polepole. Mkewe akacheka, mara ya kwanza tangu siku zile zianze, akaipakata kofia.

Muuguzi akashika kifaa chake chenye dira. Mshale ukayumba, ukageuka taratibu, ukaelekea mapajani kwa mke wa fundi. Wote watatu wakautazama.

Muuguzi akaichukua kofia, akapapasa upindo wa kulia, akatoa sumaku ya kuokotea pini.

"Hii hukaa hapa kila siku?"

"Tangu mwezi huu," fundi alijibu. "Wajukuu waliichezea, ikapotea, ndipo nikaanza kuificha humo."

"Babu wewe! Vali hii sisi huigeuza kwa sumaku. Kumbe umejifanya daktari bila cheti!"

Hakumkaripia. Aliipeleka sumaku chumba cha pili, akapima upya. Vali ilikuwa imehama kwa namba mbili. Akaweka kifaa kingine, chenye sumaku, nyuma ya sikio, akairudisha mahali pake. Hakuna kisu, hakuna damu. Mke wa fundi alijikuta anafuta machozi kwa kofia.

"Sumaku ikae mbali na kichwa, mama. Mbali kabisa."

Baada ya siku chache fundi alianza kuinua miguu. Mkewe akatafuta fimbo ya ule mwaka wa ugonjwa, akafunga sumaku kwenye ncha ya chini kwa uzi mnene.

"Mpaka dukani kwangu nitembelee fimbo?"

"Ya pini hiyo, mzee. Si yako."

Akaichukua, akapita polepole chumbani, akivua pini sakafuni kama visamaki. Mkewe alifumba macho, akasikiliza. Hatua. Kimya. Hatua. Hapakuwa na kilichokwaruza.