Chumvi Aliyoionja Mzee Tobiko

"Ndama wawili wamekufa," alisema Mzee Tobiko, akiuweka mfuko wa chumvi juu ya meza ya maabara. "Walizunguka, wakazunguka, mwisho wakawa wanajigonga kwenye ukuta wa boma. Macho wazi, lakini hawaoni."

Nailantei aliinamisha kichwa, kama binti wa Kimaasai anavyomwamkia baba yake. Kiganja cha mzee kilitulia utosini mwake. Moyo haukutulia hata kidogo. Chumvi ile aliinunua yeye mwenyewe, sokoni Karatu, akaipandisha Ngorongoro kwa lori. Siku hizi ng'ombe wa kwao hawaruhusiwi tena kushuka kreta, lile shimo la volkano, kulamba magadi, naye, binti msomi, akajitapa kwamba mifugo ya baba yake haitakosa chumvi. Mzee hakumlaumu kwa neno hata moja. Laiti angemlaumu!

Aliiyeyusha chumvi katika tindikali, akaizimua kwa maji safi, akawasha mashine. Nyuma ya kioo cheusi gesi ya argoni iliwashwa kwa umeme, ikawa moto mdogo, mkali.

"Moto huo unapika nini?" mzee aliuliza.

"Haupiki, baba, unachokoza. Kila kitu kina chembe ndogo mno, atomi. Moto huu unazichokoza mpaka elektroni zake zinarukia juu, mahali pasipo pao. Huko hazikai. Zinarudi, na zikirudi zinatoa mwanga. Kila madini yana mwanga wake, hayaazimi wa mengine. Mashine inausoma."

Mzee alicheka kidogo. "Ndivyo ng'ombe wanavyorudi jioni. Hata nikifumba macho, kwa mlio tu namjua kila mmoja."

Mrija ukavuta maji yale ya chumvi. Moto ukageuka manjano. Hiyo ni sodiamu, chumvi haikosi hiyo. Nailantei alikuwa akiutafuta mstari mwingine kwenye skrini, wa risasi, yale madini ya betri kuukuu za magari. Ulikuwa umesimama wima. Akavuta maji matupu, mstari ukalala. Akarudia chumvi, ukasimama. Mara ya tatu aliomba kimoyomoyo: lala, jamani, lala! Wapi. Aliichukia mashine ile kwa kusema kweli.

Alipogeuka kumweleza baba yake, alimkuta amechovya kidole mfukoni, anakipeleka mdomoni.

"Acha!" Alimdaka mkono, jambo ambalo kwao binti hamfanyii baba.

"Kwani nini? Naonja tu. Kila gunia huwa naonja kabla sijawapa. Nitampaje ng'ombe kitu nisichokijua?" Akafikiri kidogo. "Ina utamu fulani. Nilidhani ndivyo ilivyo chumvi ya mjini."

"Tangu lini, baba?"

"Tangu ulipoanza kuileta."

Miezi saba. Nailantei alimwambia yote: chumvi ina sumu iliyoua ndama, sumu hiyo haimchagui mnyama wala mtu, na yeye aliinunua bila hata kuuliza magunia yale yalibeba nini mwanzo, pengine betri kuukuu. Mzee alisikiliza, macho yake kwenye kioo cheusi. Kisha akalipandisha shuka begani, akanyoosha mkono, mshipa juu.

"Basi chukua damu, unitie na mimi humo motoni," alisema. "Tuone nikirudi kama utanijua."

Nailantei aliupokea mkono ule kwa mikono yake miwili. Kwanza akakipangusa kidole kilichobaki na chumvi, kisha akatafuta sindano.